Matangazo Mawili ya Tenah

Jumanne ile Minda alichelewa darasani kwa sababu ya kuku. Kuku wake mwekundu alikuwa ameanza kutagia chini ya kibanda cha jirani, ikambidi Minda alale kifudifudi, shavu kwenye mchanga, anyooshe mkono hadi ayafikie mayai. Alipata manne. Akayafunga kwenye kitambaa, akajipangusa magoti, akashika njia ya ghala la pamba, ambako watu wazima wa shamba lile la kisiwani, watumwa wa jana, walifundishwa kusoma kila siku baada ya chakula cha mchana.

Alipofika mlangoni alikuta mahali pake pamekaliwa. Mama yake alikuwa ameketi pale, benchi la pili karibu na dirisha, mikono mapajani, anatazama ubao. Mama yake aliitwa Tenah, na alikuwa amekufa miaka thelathini na sita iliyopita.

"Sogea, mama," alisema Minda.

Tenah akasogea.

Minda aliketi, akaweka mayai chini ya benchi, akachukua kibao chake cha kuandikia. Siku hiyo Mwalimu Loomis alikuwa akifundisha maneno ya vita. Vita vyenyewe vilikuwa vimekwisha tangu masika, lakini Mwalimu aliona si vizuri watu wakombolewe na jambo wasiloweza hata kulitaja. Alikuwa binti mweusi wa Philadelphia, mwembamba, mwenye kikohozi kisichomwacha. Alizaliwa huru, na mama yake alizaliwa huru, na kwa hiyo alikuwa na haraka kidogo na watu. Aliandika ubaoni: Muungano. Kujitenga. Magendo. Ukombozi.

"Muungano ni nini?" aliuliza.

"Ni sisi na Kaskazini," alijibu Mzee Quash kutoka nyuma.

"Kujitenga?"

"Ni mabwana kukataa."

"Magendo?"

"Ni mimi hapa, Mwalimu. Nilipotorokea kambi ya jeshi la Kaskazini, yule afisa alisema sheria haina jina la mtu kama mimi. Akaniandika magendo ya vita. Nikawa magendo miezi minane, nachimba mitaro."

Watu walicheka. Tenah naye alicheka, na hapo ndipo Quash alipomwona. Alivua kofia.

"Tenah," alisema. "Hujambo?"

"Sijambo, Quash. Loo! Umezeeka hivi? Nilikuacha kijana, unanivizia kisimani kila jioni na ndoo isiyo na kitako."

"Ilikuwa na kitako."

"Haikuwa nacho."

Mwalimu Loomis aligonga ubao kwa chaki. Alimtazama yule mgeni, akaona gauni la gunia lililochakaa mabegani, miguu mitupu isiyoacha alama kwenye vumbi, uso wa mwanamke wa miaka ishirini na tisa. Akafungua rejista, akamuuliza jina. Kisha akaomba radhi kwamba vibao vimekwisha, na kwa siku hiyo atazame cha binti yake.

Kufika Ijumaa walikuwa wengi. Walikuja mchana kupitia misonobari, kutoka makaburi ya watumwa yaliyokuwa ng'ambo ya mfereji, wanawake mbele, wanaume nyuma, kama watu watokao kanisani. Walikuwepo waliokufa kwa homa ya mashamba ya mpunga, na waliokufa kwa uzee, ambao hawakuwa wengi, na wachache ambao hakuna aliyewauliza walikufa kwa nini kwa sababu ilikuwa inaonekana. Mwalimu aliandikisha majina mia moja na tisa. Mabenchi hayakutosha, hivyo wafu wakasimama ukutani, maana wao hawachoki.

Hakuna aliyewauliza wamekuja kufanya nini. Walikuja kusoma. Walikuwa wamesikia mizinga huko waliko mwaka ule mabwana walipokimbia kisiwa, wakasikia nyimbo, wakasikia watu wakilia kwa furaha juu ya vichwa vyao, na hakuna aliyekwenda kuwaambia habari. Mtu akikosa sherehe, walau aelezwe ilikuwa ya nini.

Minda alikuwa na miaka arobaini na sita. Aliwahi kuwa na mume, lakini mume huyo alihamishiwa bara na bwana wake, naye akaoa huko, na Minda hakumlaumu. Mtoto hakujaliwa. Mwaka huo, kwa amri ya jenerali wa jeshi la Kaskazini, alikuwa amepewa ardhi kama wenzake, ekari zilizopimwa kwa kamba na kuwekewa vigingi, na kwenye kipande alichokiweza peke yake alipanda mahindi, bamia na viazi vitamu. Aliamka kila asubuhi akatembea kutoka kigingi hadi kigingi kabla hata ya kunywa maji. Sasa alitembea na mama yake.

"Hivi vyote ni vyako?" aliuliza Tenah siku ya kwanza.

"Vyote, mama."

"Na ukivuna?"

"Nakula mimi. Nikitaka, nakupa wewe."

Tenah alifikiri. "Nipe basi."

Wafu hawali, lakini Tenah alipenda kushika sahani ya moto. Minda akapika wali na kamba wabichi wa mferejini, akamwekea mama yake sahani iliyojaa, na Tenah akaikumbatia kifuani mpaka ikapoa. Baadaye Minda akaketi juu ya kigogo, mama yake akaketi chini kati ya magoti yake, akamsuka nywele. Kichwa cha mama yake kilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Minda alikuwa na mvi na mama yake hakuwa nazo, na mpita njia asiyewajua angedhani kinyume. Minda alisuka polepole. Alikuwa na miaka kumi mama yake alipokufa, na kichwa kile hakuwahi kukisuka hata siku moja. Alimshukuru Mungu kimoyomoyo kwa kila msuko, na misuko ilikuwa kumi na minne.

"Mama," alisema, "umekuja kwa ajili ya kusoma tu?"

"Nimekuja kujifunza kuandika. Nataka kumwandikia July."

Minda aliacha kusuka. July alikuwa mdogo wake. Aliuzwa akiwa na miaka sita, asubuhi ya siku ya kazi, kwa mtu aliyepita njiani na farasi mwekundu akielekea Georgia. Tangu hapo halikutajwa jina lake nyumbani, si kwa kusahaulika.

"July yu hai?"

"Yu hai."

"Umejuaje?"

"Sisi kule mtu akifa huenda kwa watu wake," alisema Tenah. "Hakuna anayekosea njia, hata afie wapi. Nimemngoja July miaka yote hii, nimesafisha mahali pake. Hajaja. Angekuwa amekufa, angekuja kwangu. Aende kwa nani mwingine? Basi yu hai. Endelea kusuka, mwanangu, hapo umelegeza."

Minda aliendelea kusuka, na machozi yake yalimdondokea mama yake kisogoni, naye Tenah akasema mvua imeanza mapema mwaka huu.

Tenah alikuwa mwanafunzi mzuri. Wafu wana muda, na hawana jembe la kukimbilia asubuhi. Baada ya majuma mawili alijua herufi zote. Alipenda hasa picha ambazo Mwalimu alizikata magazetini na kuzibandika ukutani, za wakubwa wa vita. Aliwajua kwa ndevu. Huyu ni Grant wa Kaskazini, huyu ni Lee wa Kusini, huyu ni Davis aliyekuwa rais wa waliojitenga. Mbele ya mmoja alisimama zaidi.

"Huyu mwenye mashavu yaliyobonyea?"

"Huyo ndiye Lincoln, mama," alisema Minda. "Ndiye aliyetoa Tangazo la kutukomboa. Kapigwa risasi Aprili."

"Maskini. Sijakutana naye."

"Atakuwa amekwenda kwa wake."

"Ni kweli. Angepita kwetu tungemshukuru."

Mwezi wa Novemba ulipokuwa unaishia, Tenah aliandika barua yake kwa mkono wake, na Minda akamsaidia tu kwenye maneno mawili. Ilikuwa itumwe kwa gazeti moja la kanisa huko Philadelphia, lililochapisha matangazo ya watu wanaotafutana, na wachungaji kote Kusini waliyasoma madhabahuni kila Jumapili, maana waliotafutwa wengi hawakujua kusoma. Iliandikwa hivi:

"Namtafuta mwanangu July. Alichukuliwa kisiwani kwetu na mtu mwenye farasi mwekundu, njia ya Georgia, akiwa na miaka sita. Alikuwa hapendi bamia. Mimi ni mama yake Tenah, mwenye kovu la kuungua mkono wa kushoto. Nimekufa, lakini dada yake Minda yu hai na ana ardhi yake. Mwenye habari aandike kwa Mwalimu Loomis."

Mwalimu aliisoma mara mbili. "Bi Tenah, nakushauri tuondoe hapa uliposema umekufa. Wahariri wana mambo yao."

"Liache."

"Litawatatiza watu."

"Mwalimu, mimi sitaki kumdanganya mtoto," alisema Tenah. "Aje akijua anakuja kwa nani. Asije akatumaini makubwa, akafika akanikuta hivi."

Mwalimu aliliacha. Barua iliondoka na mashua ya posta, na mashua hiyohiyo iliporudi ilimleta Bwana Orcutt.

Bwana Pelham Orcutt alikuwa mwenye shamba kabla ya vita. Alikimbia siku ya mizinga, akapigania upande wa waliojitenga, akashindwa, akaandika barua ya kuomba msamaha, akasamehewa. Msamaha wake ulikuja na mashamba ndani yake. Alifuatana na Kapteni Dunning wa jeshi la Muungano, mtu mpole mwenye jipu shingoni, aliyesimama kwenye baraza ya nyumba kubwa na kusoma karatasi kutoka Washington. Ardhi inarudi kwa mwenyewe. Waliopo watatia saini mkataba wa kumlimia kabla ya mwaka mpya, au watahama.

"Mwenyewe ni nani?" aliuliza Mzee Quash.

Kapteni aliangalia karatasi, ingawa alijua. "Bwana Orcutt."

"Alikuwa wapi tulipokuwa tunapanda?"

"Mzee, mimi nasoma tu kilichoandikwa."

"Na sisi sasa tunajua kusoma. Leta tuone."

Wakaletewa. Karatasi ikapita mikono mingi, ya walio hai na ya wafu, na wote wakaisoma vizuri, na ilikuwa imeandikwa vilevile. Mwalimu Loomis alisimama nyuma ya umati, mkono mdomoni kuzuia kikohozi. Alikuwa amewafundisha miezi mitano ili waweze kusoma.

Bwana Orcutt yeye hakuwa akiwatazama walio hai. Alikuwa anawahesabu waliosimama upande wa misonobari. Wengine aliwatambua, wengine aliwajua kwa majina kutoka vitabu vya baba yake.

"Kapteni," alisema, "hawa je?"

"Hao wamekufa, bwana."

"Naona. Walikufa lini?"

Kapteni hakujua.

"Nitakwambia. Walikufa kabla ya mwaka wa sitini na tatu, wote. Tangazo lilikuwa halijatolewa. Mtu hawezi kukombolewa na tangazo asilolikuta. Walikufa wakiwa mali ya familia yangu, na mali ya familia yangu imerudishwa leo, karatasi unayo."

Kapteni alijikuna karibu na jipu. Alisema lazima aandike Charleston kuomba mwongozo. Aliandika, na jibu halikuja, maana huko Charleston kulikuwa na barua nyingi kuliko makarani. Baada ya majuma matatu akaamua mwenyewe kwamba, mpaka atakapoelekezwa vinginevyo, wafu wabaki kama walivyokuwa walipokufa.

Kesho yake Minda alifunga kitambaa kisafi kichwani, akaenda ofisini kwa Kapteni mchana, mama yake nyuma yake.

"Nimekuja kumkomboa mama yangu," alisema.

"Mama, hilo halimo kwenye uwezo wangu."

"Mimi nilikombolewa na karatasi. Niandikie na yeye karatasi. Hata ndogo."

"Fomu yake hakuna." Kapteni alisema kwa huruma kabisa. Akamwonyesha sanduku la fomu, ili aone mwenyewe. "Sheria mpya inasema hakuna mtu atakayekuwa mtumwa. Inasema mtu. Sasa aliyekufa, je, ni mtu? Mimi si mwanasheria."

"Muulize. Yuko hapo nyuma yako."

Kapteni aligeuka. Tenah alikuwa amesimama karibu na dirisha, anasoma kalenda ya ukutani.

"Habari za mchana, mama," alisema Kapteni.

"Nzuri, mwanangu. Hilo jipu lako lipashe kwa kitambaa cha maji moto, usilikune."

"Ahsante."

"Haya. Sasa niambie. Binti yangu huyu ni huru?"

"Ni huru kabisa."

"Na mwanangu July, popote alipo?"

"Huru naye."

"Na mimi?"

Kapteni alitazama sanduku la fomu, akasema, "Wewe bado, mama."

Tenah alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayeambiwa bei sokoni. Wakiwa njiani kurudi ni Minda aliyelia, na mama yake aliyembembeleza.

"Usilie. Wawili kati ya watatu, mwanangu. Mimi nilipokuwa nafumba macho nilikuwa nimeacha sifuri."

Mwaka mpya ulipoingia Bwana Orcutt akafunga shule, kwa kuwa ghala lilikuwa lake na alitaka kuweka pamba. Mwalimu Loomis alihamishia ubao chini ya misonobari, ubao ukilowa umande, akaendelea. Wengi walitia saini mkataba, Quash mmoja wao, kwa jina lake lililoandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko wa Bwana Orcutt. Hapakuwa na pa kwenda na alikuwa na magoti mabovu. Vigingi vya ardhi vikang'olewa. Viazi vya Minda vilikuwa bado ardhini, na mkulima mpya wa Bwana Orcutt akavichimba.

Wafu nao waligawiwa majembe. Jumatatu asubuhi kengele ya shamba ilipigwa, wakaitwa kwa majina, na kila mmoja akapokea jembe na kusema ahsante. Kisha wakasimama. Hawakugoma, walishika majembe tu na kutazama upepo ukipita kwenye nyasi. Msimamizi alipiga kelele, akachoka. Alichukua mjeledi, akautazama, akawatazama wao, akaurudisha kwenye msumari. Mchana ulipofika wakaegemeza majembe kwenye ua kwa mpangilio, wakaenda darasani. Bwana Orcutt akawa na watumwa mia moja na tisa wasiokula, wasiougua, wasiolala na wasiolima, naye kila Jumatatu aliamuru kengele ipigwe, kwa kuwa kuacha kuipiga kungekuwa kukubali jambo.

Minda hakutia saini. Alipewa mpaka mwisho wa Machi ahame, na katikati ya Machi barua ikaja. Mwalimu Loomis aliileta mbio, kitu asichokifanya kamwe kwa ajili ya kifua chake, na ilimbidi akae chini kwanza ndipo aweze kuitoa mfukoni. Tenah aliifungua. Mikono yake haikutetemeka kwa kuwa mikono ya wafu haitetemeki, lakini alianza kuisoma juu chini, Minda akamgeuzia.

"Mpendwa mama na dada. Mimi ni July. Niko Macon, Georgia, mfyatua matofali. Mchungaji alisoma jina langu Jumapili ya pili ya Februari nikasimama katikati ya ibada. Sikumbuki sura yako mama. Nakumbuka mkono wenye kovu ukinisugua masikio mpaka yanawaka. Bamia sili hata leo. Mguu wangu ulivunjwa na gari la udongo, siwezi kusafiri. Nina mke na watoto watano. Wa kwanza wa kike nilimwita Tenah, jina nililokuwa nalijua bila kujua nimelijulia wapi. Mama, nimeelewa kwamba umekufa. Njoo hivyo hivyo."

Tenah aliisoma mara saba kwa sauti. Mara ya saba hata kuku walikuwa wameizoea.

"Tunaondoka lini?" aliuliza.

"Mama, wewe kisheria bado..." Minda hakumaliza.

"Kisheria mimi ni nani?"

"Mtumwa wa Bwana Orcutt."

"Na mtumwa akiondoka bila ruhusa anaitwaje? Neno hilo Mwalimu hakulifundisha, lakini nalijua tangu zamani."

"Mtoro."

"Basi nitakuwa mtoro," alisema Tenah, na uso wake ukachangamka. "Nilipokuwa hai sikuthubutu. Mlikuwa wadogo nyinyi, na mbwa wakali. Sasa mbwa watanifanya nini?"

Waliondoka Alhamisi saa nne asubuhi. Minda alibeba kikapu cha nguo na sufuria, na kuku wawili aliowafunga miguu. Wote walikuja kuwaaga. Mwalimu Loomis alimpa Tenah kibao na kipande cha chaki. Quash alisimama kando, kofia mkononi.

"Safari njema, Tenah. Mimi sina muda mrefu. Nikifika huko nisipokukuta?"

"Utafika kwa wako, Quash."

"Wangu ni nani? Sina mtu."

Tenah alikitia kibao kwapani. "Njoo na ndoo," alisema. "Nitakuwa nimerudi."

Quash alivaa kofia yake akaivuta mpaka machoni.

Walipita mbele ya nyumba kubwa kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kwenda bandarini. Bwana Orcutt alikuwa barazani. Akasimama, akaita. Tenah alimwitikia kwa adabu, akaendelea kutembea. Hakukimbia. Kufika kwenye lango alisita kidogo tu, unyayo mmoja hewani, kama mtu anayepima maji ya kuoga. Kisha akautua upande wa pili, na Minda akamshika mkono.

Kwenye gati palikuwa na askari kijana wa Muungano aliyekagua abiria wa meli ya Savannah. Aliuliza majina na uhusiano wao.

"Huyu ni mama yangu."

"Mama yako ni mdogo kuliko wewe?"

"Ndiyo."

Askari alifikiri, akasema kwao Ohio kuna mjomba wake aliyezaliwa baada yake, akawapisha.

Juma lililofuata tangazo la pili lilitoka katika gazeti la mji. Mhariri alikuwa ametunza zile herufi za zamani za kuchapia na ile picha ndogo ya matangazo ya watoro, ya mtu mwenye fimbo na furushi begani, na alilipanga tangazo kwa mazoea, bila kulifikiria sana: "AMETOROKA kwa aliyetia saini hapa chini mwanamke mweusi aitwaye TENAH, mwembamba, mpole wa maneno, ana kovu la kuungua mkono wa kushoto, amefariki mwaka 1829. Anajua kusoma. Anadhaniwa yuko na binti yake, mwanamke wa makamo. Atakayemrudisha atatunzwa. P. Orcutt." Lilichapishwa kila juma, na lilikuwa bado linachapishwa Minda na mama yake walipokwisha kuzoea mitaa yote ya Macon. Hakuna aliyemrudisha.

Nyumba ya July ilikuwa ya matofali yake mwenyewe, vyumba viwili, karibu na mto. Walipofika alikuwa kizingitini ameegemea mkongojo, ndevu nusu nyeupe, mtu mnene mwenye miaka arobaini na mitano. Tenah alimfikia kifuani. Kisha July aliinama, kwa tabu kwa ajili ya mguu, akaweka paji la uso wake begani kwa mama yake, na akakaa hivyo mpaka mkewe, ambaye hakutaka chakula kipoe, akaja kuwaambia waingie.

Ilikuwa Jumapili, na ibada ilikuwa imekwisha. Mezani palikuwa na mkate wa mahindi, kunde, nyama ya nguruwe na mboga za majani. Watoto watano walipangwa kwenye benchi kwa urefu. Tenah mdogo, mwenye miaka kumi na minane, aliketi mkabala na nyanya yake, na kwa kuwatazama ungesema ni mtu na dadake.

"Aliye mkubwa ndiye ashukuru," alisema July, akamgeukia Minda. "Dada."

Minda alifumba macho, akafungua kinywa.

"Ngoja kwanza," alisema Tenah. "Mkubwa hapa ni nani?"

Watoto walicheka, wakakanywa. Tenah akasimama. Alikuwa ameshika sahani ya moto mikononi, na hakuiweka chini.

"Bwana Mungu," alisema, "nakushukuru kwa mwanangu huyu uliyemweka hai, nisimwone kwetu makaburini. Nakushukuru kwa binti yangu, aliyenisuka. Nakushukuru kwa mke huyu, na kwa hawa watano ambao sikuwaomba kwa kuwa sikujua niombe. Nakushukuru kwa Mwalimu Loomis, umpunguzie kikohozi. Nakushukuru kwa huyo Lincoln, popote alipo kwa wake, umfikishie. Kwa herufi zote nakushukuru, hata zile ngumu."

Kunde zilikuwa zinatoa mvuke.

"Na Pelham Orcutt bado amekaa juu ya ardhi ya binti yangu, na mimi bado niko kwenye vitabu vyake. Hilo sikushukuru, Bwana. Nakutajia tu. Amina."

"Amina," wakasema wote, na July akaanza kukata mkate.